Kengele Inayolilia Chapati



Mwezi uliopita, katika karamu ya harusi ya mmoja wa vijana wetu, mama mmoja alitusogelea akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia mahali kama pale. "Mwalimu," alisema, "nifanyeje na kile kidude cha darini? Kila nikiweka chuma cha chapati jikoni kinapiga kelele hata mtoto anaamka analia." Tukamwuliza yeye hufanya nini kinapolia. Akacheka kidogo, akatuambia kwamba mumewe alikwisha kukitoa betri tangu mfungo wa Ramadhani, na betri ile sasa inaendesha gari la kuchezea la mwanawe.

Hatukumlaumu, kwa kuwa nasi tuliwahi kufanya yayo hayo. Katika majira ya baridi ya mwaka 2008 tulikuwa tukikaa katika nyumba ya ghorofa moja, miongoni mwa zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta ambazo miji ya Uingereza imejaa. Mlango wa jikoni ulifungukia chini ya ngazi, na kengele ya moshi ilikuwa imepachikwa juu ya mlango huo huo. Ililia kwa chapati, ililia kwa samaki, ililia kwa ubani wa siku ya Ijumaa. Siku moja tulipanda juu ya kiti, tukaitoa betri, tukaitia katika droo ya vijiko. Tulijiambia kwamba tutairudisha tukimaliza kupika.

Majuma kadhaa baadaye tuliinjika maharage saa nne za usiku, tukaketi sebuleni kusubiri, na usingizi ukatuchukua. Mkaza mwanetu alirejea kutoka kazini baada ya saa sita. Alipofungua mlango wa mbele alikutana na moshi mweusi uliokuwa umekwisha kupanda ngazi hadi kwenye chumba walimolala wajukuu wetu wawili. Yeye ndiye aliyetuamsha sisi, na yeye ndiye aliyewatoa watoto. Mdogo wao alilazwa hospitali siku mbili kwa sababu ya kifua. Betri ilikuwa katika droo ya vijiko, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Hatujawahi kulisimulia jambo hili katika kurasa hizi, na lau si swali la yule mama pengine tusingelisimulia.

Jibu tulilompa, na ambalo tungependa kulieleza kwa urefu kidogo, ni hili: kengele inayolilia chapati haina kosa. Aghalabu ni kengele ya aina isiyofaa pale ilipo, au ni ya aina njema iliyowekwa mahali pasipofaa. Dawa yake ni kuihamisha au kuibadilisha. Kuinyamazisha si dawa.

Lakini kwanza tuzungumze juu ya nyumba zenyewe, maana wengi wetu tulikulia katika nyumba za namna nyingine. Kule pwani, moto ukishika banda au paa la makuti, mtu wa kwanza kuuona hupiga ukelele, "Moto! Moto!" na mtaa mzima hutoka na ndoo. Madirisha yako wazi, majirani wako barazani, na moshi una njia ya kutokea. Kengele ya moto kule ni jirani. Huku tunalala katika nyumba zilizofungwa dhidi ya baridi, madirisha yana vioo viwili viwili, sakafu ina zulia, na makochi yamejazwa sponji ambayo ikiungua hutoa moshi mzito wenye sumu. Jirani wa ukuta wa pili pengine hatujui jina lake, na hata tukipiga ukelele hasikii. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba harufu ya moshi haitegemewi kumwamsha mtu aliyelala. Pua nayo hulala. Moshi unaweza kumkuta mtu kitandani ukamlevya pole pole hata asiamke tena. Kile kidude cha darini ndicho kinachochukua nafasi ya jirani wa barazani.

Sasa, vidude hivi si vya aina moja, ijapokuwa kwa sura vinafanana kama mayai. Aina ya zamani ndani yake mna chembe ndogo mno ya madini yenye mionzi, yaitwayo ameriki-241, ambayo hufanya mkondo hafifu wa umeme upite hewani kati ya vibati viwili. Moshi ukiingia, mkondo ule huvurugika na kengele hulia. Mionzi hiyo ni kidogo, haimdhuru mtu maadamu kifaa hakikufunguliwa. Aina hii ni hodari wa kunusa moto wa haraka wenye ndimi, kama wa karatasi, na hunusa hata vile vichembe vidogo visivyoonekana vinavyotoka katika mafuta ya moto na mkate unaobabuka. Kwa hiyo ndiyo inayolia sana kwa chapati. Ukitaka kuitambua, itazame kwa chini au upande wa nyuma: utaona ile alama ya mionzi yenye petali tatu.

Aina ya pili hutumia mwanga. Ndani yake mna kijitaa na jicho, lakini havikuelekezana, kwa hiyo jicho halikioni kijitaa. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya ule mwanga, jicho likauona, na kengele ikalia. Hii hutambua mapema zaidi moto wa pole pole unaofukuta bila ya ndimi, kama vile sigara iliyoangukia kochi, waya uliopata joto ndani ya kamba ya umeme, au blanketi lililoegemea hita. Mioto ya namna hiyo ndiyo inayowakuta watu usiku wamelala. Nayo husumbuliwa kidogo zaidi na mapishi, ingawa mvuke wa bafuni na vumbi huichokoza. Kwa ukumbi wa chini, kwa pale ngazi zinapokomea juu, na kwa sebule, hii ndiyo tunayoishauri.

Jikoni kwenyewe kusiwekwe kengele ya moshi ya aina yoyote. Huko huwekwa kengele ya joto, ambayo haina habari na moshi. Yenyewe hungoja hewa ya darini ifikie joto la kiasi cha nyuzi 58 za Selsiasi, ndipo ilie. Unaweza kukaanga sambusa za wageni mia moja isiseme neno. Lakini karai likishika moto itasema. Kwa familia zetu, ambazo jiko haliwi baridi tangu asubuhi hadi usiku na hasa katika mwezi wa Ramadhani, tunadhani hiki ndicho kifaa kilichotupita wengi. Madukani kipo, na bei yake haitofautiani sana na ya kengele ya moshi. Ila kisiwe badala ya kengele ya ukumbini. Kengele ya joto huchelewa kwa makusudi, na mtu aliyelala hahitaji kengele inayochelewa.

Mahali pa kuweka ni elimu ya peke yake, lakini ni elimu nyepesi mtu akikumbuka namna moshi unavyotembea. Moshi wa moto hupanda moja kwa moja hadi dari, kisha hutandaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ila kichwa chini. Pembe ile ukuta unapokutana na dari hufikiwa mwisho. Basi kengele iwekwe kwenye dari, katikati ya ukumbi au chumba, umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani na kutoka kwenye taa. Sentimita 30 ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Chukueni rula ya mtoto mpande nayo. Kama dari haiwezekani, ziko kengele zinazoruhusiwa kuwekwa ukutani, nazo huwekwa kati ya sentimita 15 na 30 chini ya dari, lakini someni kwanza karatasi iliyokuja ndani ya boksi.

Nyumba ya ghorofa moja inataka kengele ukumbini chini na nyingine juu pale ngazi zinapokomea. Kila ghorofa watu wanamokaa iwe na yake. Ya ukumbini isiwe mbali zaidi ya mita saba na nusu kutoka mlango wa chumba chochote, ambazo ni kama hatua kumi za mtu mzima. Ile ya jikoni isizidi mita tano na sentimita 30 kutoka pembe ya mbali ya chumba. Sebule nayo haifai kusahauliwa, kwani ndimo yalimo makochi, televisheni na hita. Huko Scotland sheria ilianza Februari 2022 kuwataka wenye nyumba zote wawe na kengele ya moshi sebuleni, nyingine katika kila ukumbi wa kila ghorofa, na ya joto jikoni, zote zikiwa zimeunganishwa. Kuunganishwa maana yake ni kwamba moja ikilia, zote hulia. Moto ukianza jikoni, kengele ya mlangoni kwenu huko juu inawaambieni. Siku hizi nyingi huunganishwa kwa mawimbi ya redio bila ya waya wowote. Sisi tunakaa England, ambako sheria haijafika huko, lakini tuliyafuata ya Scotland, na hatujutii gharama.

Yule mama wa chapati tulikwenda kumtazamia. Kengele yake ilikuwa ya aina ya zamani, nayo ilikuwa mita moja tu kutoka mlango wa jikoni. Chini yake palikuwa na meza ndogo ambapo huweka chetezo. Tulicheka sote. Mwanawe mkubwa aliweka ya mwanga mbele zaidi, karibu na mguu wa ngazi, na ya joto jikoni. Chetezo kimehamia sebuleni, karibu na dirisha lililoachwa wazi kidogo. Kengele mpya nyingi zina kitufe cha kuzinyamazisha kwa dakika kama kumi: kikibonyezwa hutulia, kisha hurudi kazini zenyewe. Hicho ndicho cha kutumia siku ya udi mwingi. Kuifunika kengele kwa mfuko wa nailoni, au ile kofia ya plastiki ya kuogea ambayo tumeiona katika nyumba zaidi ya moja, ni sawa na kutoa betri. Tena ni hatari zaidi, kwani husahaulika.

Tukija kwenye betri, kuna za namna tatu. Kengele zenye betri ya mraba hutaka mpya kila mwaka. Zile zenye betri ya litiamu iliyofungiwa humo humo hudumu miaka kumi na haziwezi kuibiwa na gari la kuchezea, na kwa sababu hiyo peke yake tunazipenda. Nyingine zimeunganishwa na umeme wa nyumba na zina betri ya akiba. Hizo zifungwe na fundi wa umeme. Mlio mfupi unaorudia kila baada ya dakika moja hivi, aghalabu usiku wa manane, ni kengele inayoomba betri. Kila wiki bonyezeni kitufe cha kujaribia. Wapeni watoto kazi hiyo kwa mpini wa ufagio. Wataipenda, na watajifunza sauti yake.

Kuhusu watoto tuna neno zito. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee walitangaza matokeo ya majaribio yao kwa watoto 34. Kengele ya kawaida ya moshi ililia wakiwa wamelala, na 27 kati yao waliendelea kulala mara kwa mara. Usingizi wa mtoto ni mzito kuliko tunavyodhani, na ile sauti nyembamba kali haimwamshi kama inavyomwamsha mtu mzima. Kwa hiyo msitegemee kwamba mtoto atatoka mwenyewe. Kengele huamsha wakubwa, na wakubwa ndio wanaokwenda kuwachukua watoto. Katika nyumba yetu imekwisha kuamuliwa nani anamchukua nani na kwa njia ipi, na ufunguo wa mlango wa mbele una msumari wake, haulali ndani ya mkoba wa mtu. Mkilala fungeni milango ya vyumba, hasa ya jikoni na sebule, kwani mlango uliofungwa huuchelewesha moshi. Wazee wasiosikia vizuri wana kengele zao zenye taa ya kumulika na kitu cha kutikisika kinachowekwa chini ya mto. Vijana wetu wanaopeleka vyakula kwa baiskeli za umeme wasichaji betri zao ukumbini usiku, kwani betri hizo zikiwaka huwaka kwa nguvu, na ukumbi ndiyo njia yenu ya kutokea.

Kengele ya moshi haina habari na ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayotoka katika boila mbovu, jiko la kuni na makaa ya mawe, au mkaa. Hiyo inataka kengele yake mbali, iwekwe katika chumba chenye chombo hicho, mita moja hadi tatu kutoka kwenye chombo. Jiko la mkaa la kuchomea mishikaki lisiingizwe ndani kamwe, hata likiwa linaonekana limezimika, hata kukiwa na theluji. Kule kwetu lilikaa uani penye upepo. Ndani ya nyumba iliyofungwa huua familia nzima bila ya moshi wa kuonekana.

Wengi wetu tumepanga, na huenda mkasema kwamba haya yote ni kazi ya mwenye nyumba. Kwa England kuna ukweli. Tangu Oktoba 1, 2015 mwenye nyumba wa kupangisha analazimika kuweka kengele ya moshi inayofanya kazi katika kila ghorofa inayokaliwa, na kuijaribu siku ile mpangaji anapoingia. Tangu Oktoba 1, 2022 sheria inazihusu pia nyumba za halmashauri na za mashirika. Inadai kengele ya kaboni monoksaidi katika kila chumba chenye chombo kisichohamishika kinachochoma gesi, mafuta au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Na inamlazimu mwenye nyumba kutengeneza au kubadilisha kengele mara tu anapoarifiwa kwamba ni mbovu. Akikataa, halmashauri inaweza kumtoza hadi pauni 5,000. Lakini kujaribu kengele na kutia betri wakati wa kupanga ni juu yenu. Mkiarifu, arifuni kwa maandishi na mbaki na nakala. Tunafahamu hofu ya kumwudhi mwenye nyumba, tumeishi nayo. Barua ya adabu yenye tarehe haimwudhi mtu mwenye akili.

Iko hofu nyingine, ambayo watu hunong'ona tu. Kikosi cha zimamoto huja majumbani bure kutazama usalama, hasa penye wazee, wagonjwa au watoto wadogo, na mara nyingi hufunga kengele bila ya malipo. Baadhi ya familia hazitaki kuwaita kwa sababu wanavaa sare. Zimamoto si polisi, wala si idara ya uhamiaji, na kazi yao si kukagua karatasi za mtu. Sisi tuliwaita. Walikuja vijana wawili, wakavua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa, wakanywa chai, wakatuonyesha kwamba kabati letu la viatu lilikuwa linaziba nusu ya njia ya kutokea.

Moto ukitokea, tokeni nje, fungeni milango nyuma yenu, kisha pigeni 999. Mtaulizwa huduma mnayoitaka. Semeni "faya", kisha anwani. Kila mtoto wa umri wa kwenda shule aijue anwani na msimbo wa posta kwa moyo, kama anavyolijua jina la babaye.

Kuna ndugu alituambia kwamba kengele hazina maana, akitoa mfano wa jengo la Grenfell huko London. Tukamkumbusha jambo lililotajwa mbele ya tume ya uchunguzi. Usiku wa Juni 14, 2017 moto ulianza katika friji jikoni mwa nyumba moja ya ghorofa ya nne. Mpangaji wake aliamshwa na kengele ya moshi, akaita zimamoto saa sita na dakika 54. Yeye na wenzake wa nyumba ile walitoka salama. Kilichowaua watu 72 ni jengo lenyewe, lililovishwa nje vitu vinavyoungua, na mengine yaliyoshindwa usiku ule. Kengele ilifanya kazi yake.

Mkimaliza kusoma, pandeni juu ya kiti mwitazame kengele yenu kwa nyuma. Mtakuta tarehe ya kutengenezwa, au mwaka wa kubadilishwa. Ikipita miaka kumi hutupwa, hata kama bado inalia kitufe kikibonyezwa, kwani kitufe hakithibitishi kwamba jicho lililozeeka bado linauona moshi. Ya ngazi zetu imeandikwa 2033. Mjukuu wetu, yule aliyelazwa, ndiye aliyeipachika. Sasa ni mrefu kutushinda, hahitaji kiti.